Shawa ya Mama Zubeida

Katika nyumba ya Sele, huko Ruiru, kulikuwa na mwiko ambao haukuwahi kusonga ugali. Ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango wa bafu. Chini yake zilikaa slipa za mpira, kubwa za kumtosha kila mtu. Anayetaka kuoga alivaa zile slipa kwanza. Kisha alichukua mwiko na kusukuma swichi ya shawa kwa mpini wake. Hakuna aliyethubutu kuigusa swichi ile kwa kidole.

Shawa yenyewe ilikuwa ya stima, ya kupasha maji kwa umeme. Maji baridi yaliingia kutoka paipu ya mtaa, yakapita ndani ya kichwa cha shawa, yakapata moto humo humo na kutoka. Yalitoka kidogo kidogo, kama mtu anayekunyima kitu kwa adabu. Kila mtu akioga, taa ya sebuleni ilififia. Basi waliokaa sebuleni walijua bila kuambiwa kwamba kuna mtu bafuni.

Safaa, binti wa Sele, alikuwa darasa la tatu. Sheria za bafu alizijua kuliko hesabu. Mgeni akija, Safaa alimpeleka mpaka mlangoni na kumweleza: vaa slipa, shika mwiko, na ukiwa ndani usiguse mfereji wa kufungulia maji. Wageni walicheka. Kisha waliingia, wakagusa mfereji, wakaacha kucheka. Watu wa nyumba hii waliona ni mambo ya kawaida tu. Stima ni stima, walisema. Lazima ikuumeume kidogo.

Sele aliipenda shawa yake. Aliuza vipuri vya magari mjini Thika, na mikono yake haikuogopa kazi. Shawa ile aliifunga mwenyewe, siku moja ya Jumapili, na rafiki yake mmoja akimshikia ngazi. Alikuwa wa kwanza katika mtaa wao kuwa nayo. Mke wake, Kulthum, alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Yeye aliogopa ile shawa kimoyomoyo, lakini aliyapenda maji moto. Kwa hivyo alinyamaza na kuvaa slipa.

Mwaka wa 1991, mwezi wa sita uliingia na baridi kali. Ukungu ulilala juu ya mashamba ya kahawa hadi jua lilipokuwa juu. Ndipo Mama Zubeida, mama yake Sele, alipokuja kukaa nao. Alitoka Majengo, Thika, alikoishi miaka mingi. Magoti yalikuwa yamemlemea. Kuchota maji, kuwasha jiko na kubeba karai la maji moto kulikuwa kumemshinda. Sele alimwambia aje Ruiru apumzike. Kwake, alisema, maji moto yanatoka ukutani.

Mama Zubeida alikuja na mfuko mmoja tu. Sufuria yake kubwa ya pilau aliiacha Majengo kwa jirani. Sufuria ile ilikuwa na jina kule. Hakuna harusi iliyoipita. Kulthum alipouliza kwa nini hakuja nayo, mama mkwe wake alicheka.

"Mimi ni mgeni hapa, mwanangu," alisema. "Mgeni hatembei na sufuria. Siku nikiona nimekuwa mwenyeji, nitaagiza iletwe."

Kulthum aliingoja siku hiyo kwa hamu. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Tangu aolewe, Mama Zubeida ndiye aliyekuwa mama yake, lakini mama wa mbali, wa kutembelewa siku za Idd. Sasa alikuwa naye nyumbani. Asubuhi walikaa pamoja kando ya cherehani. Kulthum alikanyaga, Mama Zubeida alishona vifungo. Mama mkwe alisimulia vituko vya Majengo vya zamani, na Kulthum alicheka mpaka uzi ukakatika. Kulthum alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu utotoni.

Furaha hiyo haikukaa. Baada ya siku chache Mama Zubeida alianza kunyamaza. Vifungo alivishona bila hadithi. Alijifunga leso mbili na kukaa mlangoni juani, mbali na watu. Jioni moja, wakinywa chai, alisema neno.

"Idd ikipita, narudi Majengo."

Sele alishtuka. Aliuliza kama kuna aliyemkosea. Mama yake alisema hapana, ni baridi ya Ruiru tu. Sele aliahidi kununua blanketi nzito. Lakini Kulthum aliona kwamba mama mkwe wake alisema maneno yale akitazama chini. Idd ya kuchinja haikuwa mbali.

Kesho yake asubuhi Mama Zubeida aliingia bafuni. Kulthum alikuwa sebuleni akipima kitambaa. Mara akagundua kitu. Taa ya sebuleni haikufifia. Alingoja. Taa iliendelea kuwaka vizuri, kama hakuna mtu anayeoga. Baadaye Mama Zubeida alitoka akitetemeka, meno yakigongana.

Kulthum aliweka kitambaa chini. Alimshika mkono, akamkalisha karibu na jiko.

"Mama, wewe huogi kwa shawa," alisema. "Unajimwagia maji baridi."

Mama Zubeida aliinua leso na kuonyesha goti. Lilikuwa limevimba na kuwa jeusi.

"Ile shawa yenu ilinipiga," alisema. "Slipa moja ilinitoka mguuni, ni kubwa mno. Nikashika mfereji nisianguke. Shoti ikapanda mpaka begani. Nikaanguka kwa magoti, na hata sauti ya kuwaita sikuwa nayo."

"Mbona hukutuambia?"

"Sele alinileta hapa kwa sababu ya hiyo shawa. Anaisifu kwa kila mtu. Nitamwambiaje kwamba kitu anachojivunia nusura kiniue? Nikaona afadhali nirudi kwenye karai langu."

Kulthum alilia pale pale. Alilia kwa huruma, na pia kwa hasira, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amemfundisha mama yule kuvaa slipa na kushika mwiko. Hakuna siku aliyojiuliza kwa nini mtu aoge kama anayekwenda vitani.

Sele alipopata habari, aliumia sana. Alikwenda kumpa mama yake pole, akamshika miguu. Lakini dawa aliyofikiria ilikuwa ile ile ya siku zote. Alisema tatizo ni slipa. Angenunua nyingine za saizi ya mama. Tena kuna tatizo la maji kuwa kidogo. Mtu anasimama bafuni muda mrefu, anazungukazunguka, mwisho anashika mfereji. Maji yakija kwa nguvu, mtu ataoga haraka na kutoka salama.

Siku iliyofuata alirudi kutoka Thika na kasha chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na pampu ndogo ya shawa, ya kijani, mpya kabisa. Alieleza mpango wake kwa furaha. Angekata paipu ya mtaa pale inapoingia nyumbani na kuifunga pampu hapo. Pampu ingevuta maji na kuyasukuma ndani ya shawa ya stima. Mambo yamekwisha.

Kulthum aliitazama pampu, akaitazama shawa, akakumbuka lile goti.

"Baba Safaa," alisema, "safari hii usifunge kitu mpaka Mama Kaleli aone."

Mama Kaleli ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Jina lake ni Syokau. Alisomea ufundi wa stima chuoni, akapata leseni, na sasa alitunza pampu na mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo, Thika. Sele alimheshimu, ila hakupenda kuingiliwa kazi zake za nyumbani. Aliguna kidogo, akakubali.

Kulthum alivuka kwenda kwa jirani. Syokau alikuwa akinywa uji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kama huwa wanapigwa shoti mara nyingi. Kulthum alijibu kwamba si sana, kwa maana wana slipa na mwiko. Syokau aliweka kikombe chini.

"Mama Safaa, kutoka saa hii mtu yeyote asioge na hiyo shawa," alisema. "Hata kama ana slipa kumi. Zimeni. Kesho Jumamosi niko nyumbani, nitakuja."

Syokau alikuja na mkoba wake. Kabla ya kugusa chochote alizima swichi kubwa ya nyumba nzima. Kisha alipima kwa testa, kuhakikisha kwamba kweli stima imekatika. Mama Zubeida alivuta kiti mpaka kwenye ushoroba ili aone. Sele alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Syokau alifungua shawa. Kulikuwa na nyaya tatu. Mbili zilikuwa zimefungwa. Wa tatu, wa kijani na manjano, ulikuwa umekatwa na kuzungushiwa utepe.

"Huu ulikatwa na nani?" Syokau aliuliza.

Sele alisema ni yeye. Aliona kwamba shawa inawaka vizuri bila waya ule, na haukufika mahali popote. Akaona ni wa ziada.

"Huu ndio ulikuwa wa kuwalinda," Syokau alisema. "Unaitwa waya wa ardhini. Stima ikivuja ndani ya shawa, huu unaipeleka chini kwenye udongo, na fyuzi inakata. Ukiukata, stima inatafuta njia nyingine. Inapita kwa maji, inaingia kwa mfereji, halafu inapata mtu. Ile siku ilipata Shosho." Alimwelekezea Mama Zubeida kidevu.

"Lakini sisi tunavaa slipa," Sele alisema.

"Slipa ikilowa maji? Ikipasuka? Mguu ukitoka? Ukiegemea ukuta wa majimaji?" Syokau hakupandisha sauti. "Baba Safaa, kupigwa shoti bafuni si kitu ya kawaida. Hata kidogo tu. Hata mara moja. Hiyo ni nyumba inawaambia kuna kitu mbaya. Mmekuwa mkiambiwa kila siku, na nyinyi mkatafuta mwiko."

Mama Zubeida alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Sele aliitazama sakafu.

Syokau hakuwa amemaliza. Aliufuata ule waya wa shawa juu ya dari. Ulikuwa mwembamba, na Sele alikuwa ameuunganisha na waya wa taa. Ngozi yake ilikuwa imekauka na kuwa ya kahawia. Mahali pengine ilikuwa imeyeyuka. Shawa ya stima, alieleza, inakula stima nyingi sana kwa mara moja. Inahitaji waya mnene wa peke yake, kutoka kwenye fyuzi yake. Huu mwembamba ulipata moto kila siku. Ndiyo sababu taa ilififia. Siku moja dari ingeshika moto.

Kulthum alifikiria sare za watoto zilizopangwa chini ya dari ile, na Safaa aliyelala chumba cha pili.

Sele aliinama na kuchukua lile kasha la pampu. Aliuliza, kwa sauti ya chini sasa, kama angalau pampu yake ni nzuri.

"Pampu ni nzuri sana," Syokau alisema. "Ni mahali ulitaka kuiweka ndipo pabaya."

Alimweleza polepole. Shawa ya stima inapasha maji yanapopita. Yakipita polepole, yanapata moto. Yakipita kwa kasi, yanatoka baridi. Ni kama jiko dogo la makaa. Sufuria ndogo itachemka, lakini ukiendelea kuongeza maji, hata uvuguvugu hutapata. Kwa hivyo pampu na shawa ya stima hazikai pamoja. Pili, pampu haifungwi kwenye paipu ya mtaa. Inanyonya maji ya majirani wote, na paipu ikiwa na tundu mahali, inanyonya pia uchafu wa mtaroni na kuuleta nyumbani.

"Shawa ya pampu inataka maji ambayo tayari yamekaa kwa tangi," alisema. "Baridi kwa tangi lake, moto kwa tangi lake. Pampu inachukua huku na huku, inachanganya kwa shawa, inasukuma. Yenyewe haipashi maji. Sasa niambieni, maji moto mtatoa wapi?"

Mume na mke walitazamana. Kisha wote wawili walitazama kabati la ushorobani.

Ndani ya kabati lile kulikuwa na boila. Waliikuta walipoinunua nyumba. Ilikuwa tangi la shaba, la zamani, linalopasha maji kwa stima na kuyahifadhi. Waliitumia mwaka wa kwanza. Maji yake yalikuwa moto kabisa, lakini tangi la maji baridi linaloilisha, lililo juu ya dari, halikuinuliwa vya kutosha kuwa na msukumo. Shawani yalidondoka tu. Sele aliichoka, akaizima, akafunga shawa yake ya stima. Tangu hapo kabati lilijaa vipande vya vitambaa.

Kulthum alivitoa vitambaa kwa haraka. Syokau aliingiza kichwa, akamulika kwa tochi. Alipotoka alikuwa akitabasamu. Waliojenga nyumba ile walikuwa wameiwekea boila waya mnene wa peke yake, na waya wa ardhini ulikuwepo. Mfumo mzima wa shawa ya pampu ulikuwepo nyumbani siku zote. Kilichokosekana ni pampu tu.

Sele alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kazi ilianza Jumatatu. Syokau alimleta Omondi, fundi wa paipu aliyefanya naye kazi mara nyingi. Siku za Idd zilikuwa zinakaribia, na mfuko wa Mama Zubeida ulikuwa umeshafungwa na kuwekwa nyuma ya mlango. Kulthum aliuona kila alipopita, na kila mara ulimchoma.

Omondi aliimwaga boila na kuisafisha. Ndani mlikuwa na magadi magumu, meupe, yaliyoganda kwenye koili ya kupashia maji. Syokau aliweka koili mpya. Aliweka pia themostati mpya, kifaa kinachokata moto maji yakishafika kipimo. Aliiweka kwenye nyuzi sitini na kumwonya Kulthum kwamba maji hayo yanaunguza. Ni lazima yachanganywe na ya baridi kabla mtu hajasimama chini yake, na Safaa asiachiwe kufungua peke yake.

Sele naye alitaka kusaidia. Alipendekeza watumie ule waya wa shawa ya zamani kwa pampu, kwa vile upo tayari na pampu haili stima nyingi. Syokau alikataa kabisa. Waya ulioungua hauna kazi nyingine duniani, alisema. Aliung'oa wote mpaka mwisho wake, hakuacha kipande kwenye dari. Pampu ilipata waya wake mpya na fyuzi yake ndogo. Mwanzoni mwa nyaya zote Syokau aliweka swichi maalum inayokata mara moja stima ikivuja. Pampu ilikaa chini ya boila, ndani ya kabati, juu ya kipande cha mpira. Haikuwekwa bafuni, mahali ambapo maji yangeirukia.

Kulthum hakukaa bure. Syokau alikuwa amemwambia kwamba boila isiyofunikwa inapoteza joto, na stima inaliwa bure. Kulthum alichukua futi yake ya kushonea, akaipima boila kiuno na kimo kama mtoto wa shule. Akaishonea koti la blanketi kuukuu, lenye vifungo. Mama Zubeida alivishona vile vifungo mwenyewe, bila kuulizwa. Syokau alihakikisha kwamba koti halifuniki mahali pa nyaya. Omondi alisema hajawahi kuona boila iliyovaa vizuri hivi.

Siku moja kabla ya Idd walikuwa tayari kujaribu. Ndugu wa Sele kutoka Thika walikuwa njiani na watoto wao. Omondi alijaza paipu zote maji kwanza, pampu ikiwa imezimwa, kwa sababu pampu ikizunguka kavu inaharibika. Kisha Sele akapewa heshima ya kuwasha.

Pampu ilinguruma. Shawa ilitoa maji, ikakohoa, ikatema hewa, ikatoa maji tena. Kisha ilianza kupiga kelele kama debe la mawe. Sele alizima haraka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibika. Mama Zubeida, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye kiti chake, aliinuka polepole. Alisema wasijali, wamejitahidi, hata karai linaogesha. Akaenda chumbani.

Kulthum alibaki amesimama. Aliona sasa mambo yameharibika, na saa ya kuyatengeneza imekwisha.

Omondi na Syokau walikuwa wameinama kabatini. Omondi aligonga paipu moja kwa kidole.

"Ni kosa yangu," alisema. "Maji moto nimetoa kwa hii paipu ya juu. Hii ndiyo boila inapumulia. Pampu inavuta maji na hewa pamoja."

Alichukua msumeno. Aliiziba njia ile na kutoa paipu mpya ya pampu ubavuni mwa boila, chini ya mahali pa kupumulia, ambapo kuna maji matupu. Alifanya kazi bila kusema mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. Jua lilikuwa bado halijazama alipofunga koki ya mwisho na kumwambia Sele awashe tena.

Safari hii pampu ilivuma kwa utulivu. Kisha maji yalikuja. Hayakudondoka, hayakukohoa. Yalishuka mengi, mazito, moto, yakijaza bafu mvuke. Sele aliweka mkono chini yake na kuuacha hapo. Alisahau hata kukunja mkono wa shati. Mkono mzima ulilowa, naye alicheka kwa sauti kubwa hadi majirani wakasikia.

Syokau alipima mfereji, paipu na ukuta kwa kifaa chake, huku bafu likiwa limelowa na pampu ikifanya kazi. Alimwita Mama Zubeida aje aone mshale wa kifaa kwa macho yake. Mshale haukusogea. Mama Zubeida alitikisa kichwa. Alisema anaamini, lakini miguu yake haiamini.

Hapo Kulthum alijifunga leso kifuani. Aliziacha zile slipa mlangoni. Aliingia bafuni miguu mitupu, akasimama chini ya maji, akaushika mfereji kwa mikono miwili. Aligeuka kumtazama mama mkwe wake.

"Mama, mimi hapa," alisema. "Nisingekuita mahali nisipoweza kusimama mwenyewe."

Mama Zubeida alinyoosha mkono, akakiingiza kidole kimoja katika maji. Halafu mkono wote. Kisha alirudi chumbani, na Kulthum hakujua kama ameshinda au ameshindwa.

Alfajiri ya Idd nyumba iliamka mapema. Wageni walijaa hadi jikoni. Kulthum alikwenda bafuni kuwahi zamu, akakuta mlango umefungwa. Ndani pampu ilivuma na maji yalimwagika. Akadhani ni Sele. Lakini Sele alikuwa nyuma yake, taulo begani. Wakasikiliza. Mama Zubeida alikuwa akiimba kasida kwa sauti ya kijana, na maji yakimwitikia.

Kulthum alitazama chini. Slipa zilikuwa mlangoni, kavu. Akamkumbatia mume wake mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama Zubeida alioga mpaka watu wakaanza kubisha hodi. Sele alilazimika kumkumbusha, kwa adabu, kwamba shawa ya pampu inakula maji haraka na tangi lina mwisho wake. Alitoka akiwa anafuka mvuke, uso umeng'aa, akitembea kama aliyeazima magoti mapya. Akafuata mgeni baada ya mgeni. Sele aliingia wa mwisho. Boila ilikuwa imebakiwa na uvuguvugu tu. Aliuoga huo huo akipiga mluzi, kisha akaenda msikitini na wenzake. Njiani alimweleza kila mtu kuhusu waya wa ardhini.

Waliporudi, harufu ya pilau ilikuwa imetoka mpaka barabarani. Jikoni Mama Zubeida alikuwa amesimama mbele ya jiko, leso mpya kiunoni. Mkononi alikuwa na ule mwiko wa bafu, uliosuguliwa kwa maji moto na sabuni mpaka ukawa mweupe. Kando ya mlango wa bafu msumari ulikuwa mtupu. Pilau yenyewe ilikuwa imegawanywa katika sufuria tatu za kuazima, na mpishi hakufurahia jambo hilo hata kidogo.

"Sele," alisema bila kugeuka, "sufuria za nyumba hii ni za kuchemshia mayai. Ukienda dukani Thika, pitia Majengo. Niletee sufuria yangu."

Kulthum alikuwa akikata kachumbari. Kisu kilisimama hewani. Alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe wake akamtazama na kuendelea kukoroga. Machozi ya Kulthum hayakuwa ya vitunguu.

Sele aliileta sufuria ile Jumatatu jioni. Haikupita mlango wa jikoni mpaka ilipoinamishwa kwa ubavu. Syokau alishika upande mmoja, Kulthum upande mwingine, na Mama Zubeida akawaonyesha mahali pa kuiweka.